Vyumba Vinane Vilivyonyamaza

Umeme ulikatika saa nane na nusu mchana, siku ya Jumanne, na kule Birma, mji mdogo jirani na Tanta, hakuna aliyeshtuka. Mwezi ule wa nane ulikuwa wa mgao. Watu walishajua lini wapige pasi na lini wapandishe maji kwenye matangi. Nyumbani kwa Hajati Wagida jenereta ilikohoa mara mbili, ikanguruma, taa zikarudi, na Rawya akaendelea kukoroga chai yake. Alipoinua macho kutazama kioo kidogo cha kuonyesha joto kilichotundikwa ukutani, alikuta mahali pa tarakimu nane pana vistari vinane.

Chai aliiacha palepale.

Kila kistari kilikuwa chumba, na kila chumba kilikuwa na mayai mia saba na hamsini. Yalikuwa mayai elfu sita ya kuku wa kienyeji, mali ya nusu ya mji na vijiji vya jirani, na hiyo ilikuwa siku yake ya kumi na saba tangu yalazwe. Vifaranga walishaota manyoya humo ndani. Zilibaki siku nne tu watoboe. Yai likifika umri huo si jiwe tena. Lina joto lake lenyewe, linavuta hewa kupitia ganda, na ukilisahau kwenye joto la kupita kiasi, utakachokuja kuvunja ni viza.

Nyumba ile ya kuangulia ilijengwa kwa matofali ya udongo na babu wa marehemu mume wa Hajati Wagida. Ilikuwa na ujia katikati, vyumba vinne upande huu na vinne upande ule, na darini matundu ya kutolea hewa yaliyozibwa kwa matambara. Mume alipofariki, watu walisema mwanamke hawezi kazi ile, atauza tu. Hakuuza. Kwa miaka ishirini na sita alipima joto kama wenye kazi hiyo walivyolipima tangu enzi: anatwaa yai, analiegemeza kwenye ukope wa jicho la kulia, anafumba, anatulia. Kisha anasema, "Punguza moto," au "Fungua tundu," na siku ya ishirini na moja vifaranga wanatoka.

Jicho hilohilo ndilo lililoingia mtoto wa jicho. Miadi ya hospitali haisubiri mayai, kwa hiyo wiki moja na siku tatu kabla ya Jumanne hiyo, daktari mmoja wa Tanta alimfanyia upasuaji, akalifunika jicho kwa kikombe cha plastiki, akampa masharti. Asiiname, asikae kwenye vumbi wala moshi, na kwa mwezi mzima jicho lisiguswe na kitu chochote.

"Hata yai?" Hajati aliuliza.

Daktari alidhani anataniwa, akacheka.

Ndipo kazi yote ikaangukia kwa Rawya na bodi yake. Rawya, binti pekee wa Hajati, alikuwa na miaka thelathini na nne, fundi wa bodi za lifti katika karakana moja ya Tanta, na alikuwa ameomba likizo ili amuuguze mama yake. Bodi hii aliitengeneza mwenyewe wakati wa baridi iliyopita: kompyuta ndogo isiyozidi kiganja, ndani ya kisanduku cha plastiki, inayosoma vipima joto vinane na kuamuru gesi na feni. Vipima joto vyote vilining'inia kwenye waya mbili tu zilizopita ujia mzima, kama nguo kwenye kamba. Waya moja ilibeba mapigo, tik, tik, tik. Ya pili ilibeba maneno. Bodi ikitaka habari za chumba cha tano, inamwita wa tano kwa namba yake, na kwa kila pigo yeye hutamka herufi moja ya jibu lake, sifuri au moja, huku wenzake wamenyamaza. Mwanzoni Hajati alikidharau kile kisanduku, akikiita "chakula cha panya." Lakini vifaranga wa mikupuo mitatu walishatoka salama, na matusi yakapungua. Ni kwa sababu ya kisanduku hicho alikubali kwenda kupasuliwa.

Sasa kisanduku kilikuwa hakisikii kitu. Na kwa jinsi Rawya alivyokipanga, kisiposikia joto la chumba chochote hufunga gesi na kuzima feni, kisije kikaunguza nyumba.

Alifanya ambalo fundi yeyote hulifanya kwanza. Alizima kila kitu, akahesabu mpaka kumi, akawasha. Tarakimu zikarudi moja baada ya nyingine, thelathini na saba na kitu, thelathini na saba na kitu, mpaka zote nane. Feni zikaanza kuzunguka. Rawya akashusha pumzi, akacheka peke yake kama mtu aliyepapasa mfuko na kukuta funguo zipo. Kwa mama yake hakusema neno.

*

Kesho yake, Jumatano, umeme ulikatika saa nne asubuhi, jenereta ikawaka, na vistari vinane vikarudi.

Safari hii hakuzima. Alijua kuwa ugonjwa ukiuzima huwezi kuuchunguza. Alivuta kigoda, akafungua kisanduku, akachukua mita yake na kugusa waya ya mapigo. Ilikuwa na volti tatu na ushei, kama inavyotakiwa ikiwa imepumzika. Akagusa waya ya maneno. Sifuri.

"Nani amekushika wewe?" aliinong'oneza.

Maana waya ile, mtu asipozungumza, hukaa juu. Kuikuta chini maana yake kuna mmoja anaivuta na haachii, na akiivuta mmoja, wote wanane wamekuwa mabubu. Rawya alitembea ujiani akichomoa vipima joto kimoja kimoja, mita mkononi. Cha kwanza, sifuri. Cha pili, sifuri. Alipochomoa cha chumba cha tatu, mita ikaruka hadi volti tatu.

"Alhamdulillahi," alisema kwa sauti. Chumba cha tatu ndicho chenye beseni la maji karibu. Mvuke umeingia kwenye kipima joto, umekila. Jambo lilieleweka. Alikitupa kwenye kopo la takataka, akalehemu kipya, na tarakimu zote nane zikarudi. Aliporudi jikoni aliimba.

"Una nini leo?" mama yake aliuliza. Alikuwa amekaa kitini, kichwa amekiegemeza nyuma kama alivyoagizwa, kikombe cha plastiki kinang'aa usoni.

"Nimetengeneza kitu kidogo."

"Feni zilikaa kimya kwa muda wa kukaanga mayai mawili. Mimi nimefunikwa jicho, mwanangu, sikufunikwa masikio."

"Kilikuwa kipima joto kimoja, mama. Nimeshakitoa."

Hajati aliguna tu.

Saa tisa alasiri alikuja Umm Hasuna, jirani wa mtaa wa pili, mwenye mayai mia mbili katika chumba cha sita na ulimi usiolala. Alikuja na sahani ya jibini ili kumjulia hali mgonjwa, lakini macho yake yalikuwa ujiani.

"Hajambo mgonjwa wetu? Na wangu je, hawajambo?" alisema. "Maana nasikia siku hizi wanalelewa na redio."

"Si redio, mama," Rawya alijibu akitabasamu. "Kompyuta."

"Haya, kompyuta. Mimi mkwe wangu ana kompyuta, hata mke hamjui kwa ajili yake. Sembuse kuku!"

Hata kabla hawajamaliza kucheka, umeme ukakatika. Jenereta ikawaka. Rawya alitazama kioo ukutani, na mbele ya macho ya Umm Hasuna tarakimu nane zikageuka vistari, na feni zikasita, zikasimama.

"Imekufa?" aliuliza Umm Hasuna.

"Haijafa."

"Mbona imenyamaza?"

Rawya alikimbilia kwenye kisanduku. Waya ya maneno, sifuri. Alichomoa kipima joto kipya cha chumba cha tatu akiwa na hakika. Sifuri vilevile. Cha nne, cha tano. Alipochomoa cha sita, volti tatu. Chumba cha sita hakikuwa na maji karibu. Kipima joto chake kilikuwa kikavu, safi, na kilifanya kazi tangu baridi bila kosa.

Aliketi sakafuni, mgongo ukutani. Jana alikuwa na ugonjwa. Leo alikuwa na ugonjwa unaohama.

*

Hapo ndipo Hajati Wagida alipotokea mlangoni mwa ujia, kitambaa kimefungwa mdomoni na puani, mkono mmoja ukipapasa ukuta.

"Mama! Daktari alisema usiingie humu!"

"Daktari ana mayai humu?" Alisimama akisikiliza. "Umm Hasuna, dada yangu, nenda nyumbani. Mayai yako yakifa nitakulipa, yakipona utaniletea jogoo. Nenda."

Umm Hasuna alikwenda, mara ya kwanza maishani mwake bila kuongeza neno.

"Rawya, inuka. Kisanduku chako kitasubiri, hawa hawasubiri. Nipe yai la chumba cha nane, la safu ya juu."

"Jicho lako haliguswi."

"La kulia haliguswi. La kushoto halijui kitu, halijawahi kufanya kazi hata siku moja, ni kama marehemu mjomba wako. Lete yai, tujaribu. Kisha ujaribu wewe."

Rawya alileta yai. Hajati akaliegemeza kwenye ukope wa kushoto, akakunja uso. "Linasema sawa. Lakini silisadiki. Haya, zamu yako."

Rawya hakuwa amefanya hivyo tangu utotoni, alipokuwa akicheza tu. Aliliegemeza yai ukopeni. Lilikuwa laini, zito kuliko alivyokumbuka, na ndani yake kitu kilijigeuza. Alishtuka karibu aliangushe.

"Limetembea!"

"Sasa ulitaka liimbe? Tulia. Likikuchoma ni moto. Likikupoza ni baridi. Ukisahau kwamba lipo, hapo ndipo."

Alifumba macho akatulia. "Lanichoma kidogo."

"Basi jicho langu la kushoto ni chongo, nilijua. Fungua tundu la nane; feni zikisimama, wanajichoma wenyewe."

Wakaenda chumba kwa chumba. Rawya alipanda ngazi akatoa matambara hapa, akaziba pale, akawasha gesi kwa mkono katika vyumba ambako mayai yalikuwa yameanza kupoa. Mama yake alisimama ujiani akiuliza na kuamuru. Ilichukua karibu saa nzima. Waliporudi kuanzia mwanzo, chumba cha kwanza, Rawya aliliweka yai ukopeni na hakusikia kitu; alisimama hivyo mpaka mama yake akamgusa bega.

"Umelala?"

"Nilisahau kwamba lipo."

"Hapo ndipo," alisema Hajati, na akamruhusu binti yake amrudishe kitini.

*

Kule Tanta kulikuwa na mtu aitwaye Labib, fundi mzee wa televisheni na madishi, Mkristo wa Kikopti mwenye duka jembamba nyuma ya stesheni, ambaye Rawya alijifunza kwake kulehemu kabla hajaingia chuo. Alimpigia simu huku bodi ikiwa wazi mbele yake, kipima joto cha sita bado kimechomolewa. Alimweleza yote, tangu Jumanne.

"Kwa hiyo ulimkamata wa chumba cha tatu," Labib alisema. "Ukamhukumu. Ukamtupa."

"Ndiyo, Ustadh."

"Ulimhoji?"

"Kivipi?"

"Ulimrudisha mahali pake uone kama atakosea tena?"

Rawya aliibana simu begani. Akafukua kopo la takataka, akafuta kile kipima joto maganda ya vitunguu, akakiunga mahali pa cha sita, akazima na kuwasha. Tarakimu nane zikatokea, na chumba cha sita kikasoma sawasawa na ukope wake ulivyokuwa umesikia.

"Ni kizima, Ustadh. Hakina ila hata kidogo."

"Bikira akusamehe, ulimzika mtu hai. Sasa sikiliza, mhandisi wangu. Siku mbili nzima unauliza nani. Mimi nakuuliza lini. Inanyamaza lini?"

"Umeme ukikatika."

"Ukikatika, au ukirudi?"

Rawya aliitazama jenereta kupitia dirishani. Umeme ukikatika, betri ya akiba huishikilia bodi kwa zile sekunde chache mpaka jenereta iwake. Wiki hiyo betri ilikuwa imechoka kuliko kawaida. Kwa kufumba na kufumbua nguvu inashuka. Kompyuta ile ndogo ina roho nyepesi: ikisikia nguvu imeshuka, hujizima na kujiwasha upya, kwa usalama wake. Lakini vipima joto ni viumbe sugu. Kushuka kidogo kama huko hata havikujui.

"Ustadh," alisema polepole, "kompyuta inajiwasha upya. Vipima joto havijiwashi."

"Endelea, nakusikia."

"Ikijiwasha upya wakati mmoja wao yuko katikati ya neno... mapigo yanakatika. Yeye alikuwa anatamka sifuri, kaivuta waya chini, anasubiri pigo lijalo ndipo atamke herufi inayofuata. Pigo haliji."

"Na kompyuta ikiamka?"

"Inaikuta waya iko chini. Inadhani kuna mtu anazungumza. Inamngoja amalize."

"Basi wamekaa, huyu anamngoja yule, yule anamngoja huyu, kila mmoja na adabu zake," Labib alisema, na ilisikika kuwa anacheka. "Nani mbaya hapo?"

"Hakuna mbaya."

"Hakuna. Lakini hebu niambie. Mwezi wa saba mlikuwa na mgao vilevile, na vifaranga wakatoka bila tabu. Kwa nini sasa?"

Rawya alifungua programu kwenye kompyuta yake kubwa, akashuka mstari kwa mstari, na alipoufikia mmoja, alikisimamisha kidole hapo. Zamani bodi ilisoma vyumba mara moja kwa dakika. Kusoma kwenyewe kulichukua muda wa kupepesa jicho, na dakika iliyobaki wote walipumzika. Umeme ungekatika mara mia kabla haujamkuta mtu katikati ya neno. Lakini siku ile mama yake alipoingizwa chumba cha upasuaji, Rawya, akiwa kwenye benchi la hospitali na kompyuta mapajani, hana la kufanya kwa mikono yake, aliubadilisha mstari ule. Jioni, aliporudi nyumbani, aliiamuru bodi isome bila kupumzika, chumba baada ya chumba, mfululizo, usiku na mchana. Aliogopa kitu kisije kikampita. Tangu siku hiyo hapakuwa na wakati ambapo hakuna mtu katikati ya neno.

"Ni mimi, Ustadh," alisema. "Niliogopa."

"Hofu nayo ni fundi," alisema Labib. "Ila mbaya wa kulehemu. Haya, unajua dawa yake?"

"Nimpe mapigo mpaka amalize neno."

"Mpe. Kisha nipigie, chai yangu inapoa."

*

Ili kuhakikisha, alihitaji bodi inyamaze tena. Alishusha swichi kubwa ya ukutani mwenyewe, kama mgao. Jenereta ikawaka, na vistari vikajipanga. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alifurahi kuviona.

Mama yake alikuwa amehamisha kiti chake hadi kizingitini mwa ujia, hatua moja nje, ili asivunje masharti na asipitwe.

"Unafanya nini?"

"Nataka kukigongea mlango, mama. Hesabu, tafadhali. Kila nikisema tik."

Rawya alichukua kipande cha waya, ncha moja akaiunga kwenye bodi, pale penye volti sifuri. Mita aliibana kwenye waya ya maneno, ilisoma sifuri. Kwa ncha ya pili akaigusa waya ya mapigo, akaachia.

"Tik."

"Moja."

"Tik."

"Mbili. Hili ndilo ulilosomea miaka mitano?"

"Hesabu, mama. Tik."

Tatu. Nne. Tano. Sita. Katika saba mita iliruka hadi volti tatu nukta tatu, ikakaa hapo, imara. Mmoja wa wale wanane, hata hakujua yupi, alikuwa amemaliza kusema alichokuwa akisema, akaiachia waya.

Na bodi, iliyokuwa ikingoja kwa adabu muda wote huo, ikaanza kuita. Cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Tarakimu zikatokea kiooni, gesi ikafunguka kwa mlio wake mdogo, feni zikaanza kuzunguka, na upepo wa uvuguvugu ukapita ujiani ukiwa na harufu ya mayai na majani makavu.

Rawya alicheka, halafu akajikuta analia, halafu hakujua afanye lipi kati ya mawili hayo.

"Zimerudi," alisema Hajati. "Nazisikia."

"Zimerudi, mama." Alipiga magoti mbele ya kile kiti. "Kosa lilikuwa langu. Si vipima joto wala si mvuke. Siku ya upasuaji wako niliiharakisha bodi, nikaipanga isome bila kupumzika. Nilikuwa naogopa."

Hajati alimpapasa kichwa, akiwa hawezi kuinama.

"Niliogopa mimi pia," alisema. "Daktari alikuwa kijana mno. Nilitaka kumwuliza kama ameshaoa, maana asiyeoa mkono wake hauna utulivu. Sikuthubutu." Akakigeuzia kisanduku sikio. "Kwa hiyo kinapona?"

"Kinapona."

"Mayai je?"

"Tutajua Jumamosi."

Alifanya kazi mpaka adhana ya magharibi. Aliandika mistari michache tu: kompyuta ikiamka, kabla ya neno lolote, ipige mapigo tisa, ili aliyekatishwa amalize, ndipo ianze kuita. Neno lina herufi nane tu, hivyo tisa yanamtosha yeyote, hata aliye mwanzoni kabisa mwa neno lake. Kisha akaurudisha ule mstari mwingine kama ulivyokuwa, mara moja kwa dakika. Kidole chake kilisita juu ya kitufe kwa muda, ndipo akabonyeza.

Hapo akaanza kushusha swichi. Alishusha, akangoja jenereta, akatazama kioo. Tarakimu nane. Akapandisha, akashusha. Tarakimu nane. Mara ya tano Hajati alianza kuhesabu bila kuombwa. Mara ya kumi Rawya alikuwa anapiga makofi. Mara ya kumi na tano mama yake alisema inatosha, jenereta nayo ina mwenyewe.

Alhamisi asubuhi umeme ulipokatika kwa hiari yake, walikuwa wote wawili mezani na maharage ya ful. Hakuna aliyetafuna. Jenereta ikakohoa, ikawaka. Kioo kilizimika, kikawaka, na baada ya kitambo kifupi kikaonyesha vyumba vinane, thelathini na saba na kitu, mpaka cha mwisho. Rawya aliuachia mkate aliokuwa ameuminya mpaka ukawa donge.

"Kula," alisema mama yake. "Umekonda kama waya zako."

*

Ijumaa jioni, katika chumba cha pili, yai moja lilipata ufa. Rawya aliliegemeza sikioni akasikia kugonga. Alfajiri ya Jumamosi ujia mzima ulikuwa unalia, sauti nyembamba zisizohesabika, na maganda yalikuwa yakipasuka safu kwa safu. Hajati alikaa kizingitini amefumba hata jicho lake zima, akisikiliza.

"Cha nne wamechelewa kidogo," alisema. "Cha sita wako vizuri. Cha nane wamepungua. Walipata joto siku ile."

Alikuwa sahihi. Cha nane kilikuwa na viza mia na themanini. Katika vyumba vingine hasara ilikuwa ileile ya siku zote, ya Mungu. Kufikia saa tatu asubuhi walikuwa wameshawaweka kwenye makreti vifaranga elfu tano na mia moja na ushei, wa manjano, wa kahawia na wa madoa, wakisukumana na kupanda migongoni mwa wenzao. Hajati aliomba awekewe wawili mapajani. Alikaa akiwashika kwa viganja, na Rawya alipomtazama aliona machozi yakitoka chini ya kile kikombe cha plastiki.

"Daktari alisema usilie."

"Hakusema. Alisema nisiguswe."

Umm Hasuna alifika na kreti lake, akawahesabu walio wake mara mbili, akapata mia na sabini na wanane. Alikitazama kile kisanduku ukutani kwa muda mrefu.

"Hivi kinaweza kumpata mtu akiwa hapokei simu?" aliuliza.

"Nani hapokei?"

"Mkwe wangu."

Walicheka wote, na Hajati zaidi ya wote, mpaka akaambiwa ajizuie kwa ajili ya mishono. Wateja wengine wakaingia, ujia ukajaa sauti za watu na vifaranga. Rawya alikwenda kukaa kidogo tu kwenye gunia la majani makavu nyuma ya mlango, akanyoosha miguu, na usingizi ukamchukua papo hapo, viatu bado miguuni na vumbi la maganda nyweleni. Mteja mmoja aliuliza yuko wapi mhandisi, alitaka kumshukuru. Hajati Wagida alimwambia arudi alasiri, na asiufunge mlango kwa kishindo.